Msitu na Mwamba wa Kijiji: Namna ya Kufunga, Kulinda na Kuvuna

Kufunga mwamba ni kazi ya mkutano mmoja. Kuufungua vizuri ni kazi ya miezi, na hapo ndipo mipango mingi ya uhifadhi wa pwani inapokwama. Eneo linatangazwa, bango linasimikwa, watu wanakatazwa kuingia, lakini hakuna aliyesema litafunguliwa lini, nani atavuna na fedha zitakwenda wapi. Mwezi haujaisha wenye shida wameshaanza kuingia usiku, na wenye subira wanajiona wajinga.

Mwongozo huu ni kwa wajumbe wa halmashauri za vijiji, kamati za maliasili, viongozi wa vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe na uvuvi (BMU) na mwanakijiji yeyote wa pwani anayetaka kusimama mkutanoni na swali la maana. Unafuata zaidi sheria za Tanzania Bara, kwa kuwa huko kijiji kina mamlaka makubwa juu ya ardhi na msitu wake. Zanzibar ina sheria zake, ikiwamo Sheria ya Misitu Na. 10 ya 1996 na Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya 2010, na kazi hizi hupitia shehia na kamati za wavuvi. Kenya ilitunga kanuni za BMU mwaka 2007, na jamii zinazopakana na misitu ya serikali hushiriki kuitunza kupitia vyama vyao. Vyombo vinatofautiana majina, lakini kanuni ya msingi ni moja kote: anayebeba gharama ya kusubiri ndiye awe wa kwanza kwenye mavuno.

Kwa nini msitu na bahari vipangwe pamoja

Masika yakipiga kilima kilichokatwa miti, udongo huteremka na mto mpaka baharini. Tope hilo hutanda juu ya matumbawe na kuyanyima mwanga. Matumbawe ni viumbe hai, na ndani yake huishi mwani mdogo sana unaoyalisha kwa nguvu ya jua. Maji yakiwa machafu muda mrefu, matumbawe hudhoofika na kufa. Yale makubwa ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo mwamba uliovunjwa kwa baruti asubuhi moja hauwezi kurudi katika umri wa aliyeuvunja.

Tanuri la chokaa linaonyesha uhusiano huu kuliko maelezo yoyote. Matumbawe huchimbwa, hupangwa juu ya magogo ya mikoko na ya miti ya bara, kisha huchomwa. Moto mmoja unakula msitu na mwamba kwa pamoja. Kuna pia mbao za kuundia mashua, mataruma ya mkomafi, na kuni za kukaushia samaki na kuchemshia dagaa. Mvuvi asiye na msitu hana chombo, na mchuuzi asiye na kuni hana biashara.

Zaidi ya hayo, watu ni wale wale. Samaki wakiadimika, kijana anachukua shoka akachome mkaa. Msitu ukifungwa ghafla, familia inachukua chandarua ikatande ufukweni, na chandarua hakichagui: kinazoa vifaranga wa changu na tasi kabla hawajafikia hata ukubwa wa kidole. Kijiji kinachotaka kufunga msitu kiulize siku hiyo hiyo hali ya bahari ikoje, na kinachofunga mwamba kiulize watu watapata wapi kuni na kitoweo wakati wa kusubiri.

Jua kwanza nani ana mamlaka

Vijiji vingine huanza kulinda kisicho chao, na vingine huacha kilicho chao kikachukuliwa. Kabla ya lolote, pangeni rasilimali zenu katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni msitu ulio katika ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaweka usimamizi wa ardhi hiyo mikononi mwa halmashauri ya kijiji, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga sehemu yake iwe msitu wa hifadhi wa kijiji. Hapa kijiji ndicho mmiliki, mlinzi na muuzaji.

Fungu la pili ni msitu wa hifadhi wa Serikali Kuu au wa halmashauri ya wilaya. Kijiji jirani hakiwi mmiliki, ila kinaweza kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja. Msisaini makubaliano yanayotaja doria bila kutaja mgao wa mapato.

Fungu la tatu ni mikoko. Tanzania Bara, mikoko ni msitu wa hifadhi wa taifa unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), hata kama inaota nyuma ya nyumba yako. Kijiji hakiwezi kuitangaza kuwa msitu wake. Njia iliyopo ni usimamizi wa pamoja.

Fungu la nne ni maji ya bahari na miamba iliyomo. Hayamilikiwi na kijiji. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inatambua vikundi vya BMU vinavyosimamia uvuvi kwa kushirikiana na serikali, na vijiji kadhaa vinavyotumia maji yale yale vinaweza kuunganisha BMU zao katika eneo moja la usimamizi. Kama mpo ndani ya hifadhi ya bahari, kama ile ya Mafia iliyotangazwa mwaka 1995 au ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ya mwaka 2000, mpango wenu lazima upatane na wa hifadhi.

Haki hizi zina historia. Huko Duru-Haitemba, wilayani Babati, serikali ilikusudia kuufanya msitu unaozungukwa na vijiji kuwa hifadhi yake. Watu walipoona msitu unawatoka, uvunaji ulizidi badala ya kupungua. Miaka ya mwanzo ya 1990 vijiji viliruhusiwa kuusimamia vyenyewe, vikaweka sheria na walinzi wao, na msitu ukaanza kurejea. Mafunzo ya huko yalichangia Sheria ya Misitu ya 2002.

Hatua sita za msitu wa kijiji

1. Mkutano Mkuu wa Kijiji. Watu wazima wote, kuanzia miaka 18, wana haki ya kuhudhuria. Mkutano ukubali kutenga msitu na uchague Kamati ya Maliasili. Hakikisheni wachoma mkaa, wapasua mbao, waganga wa dawa za miti na wanawake wanaokata kuni wapo na wanasema. Anayeachwa nje ya mkutano ndiye mtakayemkamata msituni.

2. Mipaka. Tembeeni mpaka pamoja na wazee wa kijiji jirani, si kwa kuchora mezani. Wekeni alama za rangi kwenye miti, tajeni mito na vilima, na chukueni vipimo vya GPS. Muhtasari usainiwe na pande zote mbili siku hiyo hiyo. Mpaka huu uingie katika mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, kwa mujibu wa Sheria Na. 6 ya 2007, ili kesho asije mwekezaji akaonyeshwa msitu kuwa eneo lisilo na mwenyewe.

3. Tathmini. Pimeni viwanja vya sampuli kwa msaada wa afisa misitu wa wilaya. Kila mti upimwe kipenyo usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na uandikwe aina yake. Hesabu hii ndiyo inayosema ni miti mingapi inaweza kukatwa kwa mwaka bila msitu kupungukiwa.

4. Mpango wa usimamizi na wa uvunaji. Uonyeshe eneo la kuvuna, eneo lisiloguswa kama vyanzo vya maji na makaburi ya wazee, na matumizi ya nyumbani yanayoruhusiwa bure.

5. Sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji huandaa, Mkutano Mkuu hujadili, kisha halmashauri ya wilaya huidhinisha kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982. Faini iliyotozwa kwa sheria ambayo haijaidhinishwa itatupwa mahakamani, na mkosaji atarudi kijijini akiwa na ujasiri zaidi.

6. Usajili. Msitu uandikishwe wilayani, na nakala za hati zote zibaki ofisi ya kijiji, si nyumbani kwa mwenyekiti.

Kuuza bila kumaliza

Kilwa ndiko somo hili lilikoiva. Misitu yake ina mpingo, mti unaotumika kutengenezea klarineti na ala nyingine za kupuliza zinazouzwa Ulaya na Marekani. Mpingo hukua taratibu mno. Huhitaji miongo mingi kufikia kipenyo cha sentimita 24, kiwango cha chini cha kukatwa. Mwaka 2009, vijiji vilivyosaidiwa na Shirika la Kuhifadhi na Kuendeleza Mpingo (MCDI) vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachomhakikishia mnunuzi kwamba mti umetoka katika msitu unaosimamiwa vizuri. Kikole na Kisangi vilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Baadaye Nanjirinji A, chenye msitu mkubwa zaidi, kilianza kuuza mbao na kutumia mapato katika miradi ya kijiji.

Kuna mambo matatu ya kujifunza hapo. Kwanza, uzeni kwa mita za ujazo, si kwa gogo. Anayenunua kwa gogo atachagua yale manene na kuwalipa bei ya yale membamba. Pili, kila gogo lipigwe nyundo ya kijiji iliyosajiliwa, na lisiondoke bila hati ya kusafirishia. Gogo lisilo na alama likifika kwenye geti la maliasili ni mali ya wizi hata kama mnunuzi alilipa. Tatu, katika msitu wa hifadhi wa kijiji mrahaba ni wa kijiji. Mkiambiwa fedha zote zipelekwe kwingine, ombeni kuonyeshwa kifungu cha sheria.

Mkaa pia unaweza kuvunwa kwa mpango. Wilayani Kilosa, kuanzia mwaka 2012, vijiji vilivyofanya kazi na mashirika ya uhifadhi wa misitu ya TFCG na MJUMITA vilitenga sehemu ya misitu yao kwa ajili ya mkaa na kuigawa katika vitalu vya mita 50 kwa 50. Vitalu huvunwa kwa kurukana, na kilichovunwa hupumzika miaka 24. Siri yake ni kisiki: miti mingi ya miombo huchipua tena ikikatwa juu kidogo ya ardhi na kisiki kikaachwa na magome yake. Anayeng'oa kisiki au kulima hapo ameua msitu, na anayekata vizuri ameukopa tu. Miti ya mbao na ile iliyo kando ya maji huachwa.

Moto ni adui mwingine. Kiangazi kikikomaa, moto wa mwindaji au mrina asali huweza kuunguza miche yote ya miaka kadhaa. Vijiji vinavyofaulu huchoma mapema, mwanzoni mwa kiangazi nyasi zikiwa bado na unyevu, kwa vipande vidogo vinavyodhibitika. Nyasi zilizokwisha kuungua kidogo hazibebi tena moto mkubwa wa Septemba na Oktoba.

Mikoko: acha maji yafanye kazi

Delta ya Rufiji pekee ina takriban hekta 53,000 za mikoko, eneo kubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi boriti za Rufiji na Lamu zilipakiwa kwenye majahazi kwenda Uarabuni, kwa nyumba za Oman na Ghuba zisizo na miti ya kujengea. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Leo mikoko hukatwa zaidi kwa ajili ya mashamba ya mpunga, mashamba ya chumvi, mkaa na ujenzi wa karibu.

Upandaji wa mikoko umekuwa sherehe ya kila kampeni, na miche mingi hufa. Sababu kubwa ni kupanda mti usiofaa mahali pasipofaa. Kila aina ina eneo lake: mlilana hukaa mbele, maji yanakofika kwanza, mkoko wenye mizizi ya kujipinda hupenda kingo za hori na tope laini, mkandaa na msinzi huwa nyuma yake, na mchu huvumilia chumvi nyingi, hivyo huota hata karibu na nchi kavu. Matunda marefu ya mkoko ni rahisi kuokota na kuchomeka, kwa hiyo watu huyachomeka popote, hata juu ya majani ya bahari ambako maji hayakauki vya kutosha na ambako kasa na vifaranga wa samaki wanapata chakula. Huko ni kuharibu hifadhi moja kwa kujaribu kuanzisha nyingine.

Kabla ya kupanda, jiulizeni kwa nini mikoko haijiotei yenyewe. Kama kuna miti mama ya kutoa mbegu karibu, na maji yanaingia na kutoka, mbegu zitakuja zenyewe. Kazi yenu ni kuzuia mifugo na shoka. Kama tuta la shamba la chumvi lililoachwa limeziba maji, toboeni tuta kwa kibali cha TFS kabla ya kupanda hata mche mmoja. Pandeni tu pale ambapo maji yako sawa lakini hakuna miti mama, na chukueni mbegu za aina iliyokuwa inaota hapo zamani.

Huko Gazi, katika kaunti ya Kwale nchini Kenya, vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, na tangu mwaka 2013 vimekuwa vikiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti na tope lake. Fedha zimekwenda kwenye maji na shule. Kijiji kinachofuatwa na kampuni ya hewa ya ukaa kiulize mambo manne kabla ya kusaini: mkataba ni wa miaka mingapi, kijiji kinapata asilimia ngapi ya bei halisi, matumizi gani yatakatazwa, na nani atalipa kama miti ikiangushwa na tufani.

Mwamba wa pweza: pa kuanzia

Kwa kijiji ambacho hakijawahi kufunga eneo la bahari, pweza ndiye mwalimu bora. Anaishi muda mfupi, kama mwaka mmoja au kidogo zaidi, na hukua kwa kasi. Mwenye nusu kilo akiachwa miezi miwili mitatu huzidi kilo moja. Jike hutaga mara moja tu maishani. Hujifungia pangoni akilinda mayai, hali, na yakishaanguliwa hufa. Ukimchokoa kabla ya hapo umepoteza kizazi kizima kwa mchuzi wa siku moja. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500.

Mwezi wa Novemba 2004, watu wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walifunga mwamba mmoja kwa miezi saba. Walipoufungua walipata pweza wakubwa kuliko waliozoea, na vijiji jirani vikaiga. Utaratibu huo umefika pwani yetu: Songosongo wilayani Kilwa, Mafia, na Kisiwa Panza huko Pemba ambako mtandao wa Mwambao ulisaidia.

Ili ufanye kazi, zingatieni haya:

- Chagueni sehemu ya mwamba, si mwamba wote. Wanawake wanaochokoa kwa miguu maji yakitoka hawana chombo cha kwenda mbali. Mkifunga pao pote na kuacha pa wazamiaji wenye mashua, mtakuwa mmefunga jungu la maskini.
- Chagueni muda unaohesabika. Uvuvi wa pweza hufuata bamvua, na miezi mitatu ina bamvua sita. Tangazeni tarehe ya kufunga na ya kufungua siku moja. Upepo wa kusi ukiwa mkali, wengi hawatoki hata hivyo, kwa hiyo kufunga wakati huo hakuumizi sana.
- Kubalianeni na vijiji vinavyotumia mwamba huo. Mpaka wa baharini hauna ukuta. Unalindwa na ahadi. Wekeni maboya na tajeni alama za nchi kavu ambazo kila nahodha anazijua.
- Amueni mapema juu ya zana nyingine. Je, mshipi na madema vinaruhusiwa ndani ya eneo lililofungwa? Jibu lolote linafaa, mradi liandikwe.

Siku ya kufungua

Miamba mingi iliyofungwa vizuri imeharibiwa na siku ya kwanza ya kufungua. Habari zinaenea, mashua zinatoka mbali, mamia wanaingia kwa pamoja, wanakanyaga matumbawe, na jioni pweza ni wengi kiasi kwamba mnunuzi anashusha bei. Faida ya miezi mitatu inakwenda kwa mtu mmoja mwenye barafu.

Wiki mbili kabla, iteni wanunuzi zaidi ya mmoja, wataje bei mbele ya watu, na bei iandikwe. Hakikisheni barafu ya kutosha. Pangeni siku iangukie bamvua, wakati maji yanatoka mchana. Siku za kwanza wavune wanakijiji waliosubiri na walioshiriki doria. Wageni wafuate baadaye kwa ada. Mzani uwe wa BMU, ukaguliwe mbele ya wote. Aliye chini ya gramu 500 arudishwe hai kama bado anapumua, na jike aliyejiziba kwa vijiwe pangoni aachwe. Msivunje mwamba kwa nondo ili kumfikia pweza mmoja; pango lililobomolewa halimkaribishi mwingine.

Kisha pimeni kama kufunga kumesaidia. Andikeni idadi ya watu, saa walizofanya kazi na kilo walizopata. Watu 5 waliochokoa saa 4 wakapata kilo 40 wamepata kilo 2 kwa mtu kwa saa. Linganisheni na hesabu za kabla ya kufunga na za miezi miwili baada ya kufungua. Kama faida inaisha ndani ya bamvua moja, tatizo ni uvunaji wa pupa, na dawa yake ni kupunguza siku au watu, si kurefusha kufunga.

Changu na chewa wanataka subira zaidi

Mafanikio ya pweza yasiwadanganye kwamba miezi mitatu inatosha kwa kila samaki. Chewa huishi miaka mingi, na wengi wao huanza maisha wakiwa majike, kisha wakubwa hugeuka madume. Mkiwavua wakubwa wote, mmeondoa madume. Changu jike mkubwa hutoa mayai mengi mno kuliko majike wadogo kadhaa kwa pamoja. Pono nao hukwangua mwani unaotaka kuyafunika matumbawe. Wakiisha, mwamba unafunikwa na mwani.

Samaki hawa wanahitaji kipande kisichovuliwa kabisa kwa miaka. Huko Kuruwitu, Kilifi nchini Kenya, wavuvi walitenga eneo la namna hiyo mwaka 2005, la takriban hekta 30. Walioathirika walihitaji miaka kadhaa kabla ya kuona samaki wakitoka nje ya mpaka na kuingia kwenye madema yao. Kipande cha namna hii kiwe kidogo, na kijiji kianze nacho baada ya kuzoeshwa na pweza.

Doria na wageni wa dago

Wavuvi wa dago, wanaohama na kupiga kambi kwa muda kwenye vijiji vingine, ni ndugu wa pwani. Leo wao wako kwenu, kesho ninyi mko kwao. Wapokeeni kwa utaratibu: barua kutoka BMU yao, idadi ya vyombo na zana, muda wa kukaa, ada, na maelezo ya maeneo yaliyofungwa. Mgeni aliyeelezwa siku ya kwanza akikosea, ana la kujibu.

Walinzi wa kijiji wasiende kukabiliana na wenye baruti. Kazi yao ni kuona, kuandika saa, mahali, rangi na namba ya chombo, na kutoa taarifa kwa afisa uvuvi na polisi. Huku nchi kavu kila mnunuzi ni mlinzi: samaki wa baruti ana nyama tepetepe, damu imevilia ndani, na mara nyingi uti wa mgongo umekatika ingawa nje hana jeraha. Soko likimkataa, baruti haina faida.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Fedha za msitu na za bahari ziwe na akaunti ya benki yenye watia saini wasiotoka nyumba moja. Kila faini na kila mauzo yawe na stakabadhi. Kila robo mwaka mapato na matumizi yabandikwe ukutani na kusomwa mkutanoni, kwa sauti, kwa ajili ya wasiosoma. Tengeni mafungu kabla fedha hazijaingia: doria na posho za walinzi, huduma ya kijiji kama darasa au kisima, na akiba ya kuwasaidia walioacha kuvuna wakati wa kufunga. Fungu hili la mwisho husahaulika, nalo ndilo linaloamua kama mama aliyezoea kuchokoa atakubali kufunga tena mwakani.

Ajenda ya mkutano ujao

Kijiji kinachotaka kuanza hakihitaji mradi wala mgeni. Kiweke mambo matano kwenye ajenda ya Mkutano Mkuu ujao: tuna rasilimali gani katika kila fungu kati ya yale manne, ni ipi inayopungua kwa kasi na nani anaitegemea, kipande kipi tunaweza kufunga bila kumlaza mtu na njaa, kitafungwa na kufunguliwa tarehe zipi na nani atavuna kwanza, na daftari atalishika nani. Mkikosa jibu la swali la nne, msifunge bado. Rudini mkajadiliane tena na wavuvi, wakata kuni na vijiji jirani mpaka tarehe zote mbili zipatikane na ziandikwe kwenye muhtasari.